Nyumba iko Magarama, mwenyewe yuko barabarani: pango linavyopotea njiani

GITEGA – Wafanyabiashara wengi wa njia ya Kobero wana mali ya tatu mbali na duka na lori, nayo ni nyumba ya kupangisha. Faida ya saruji, mchele au vipuri ikipatikana haikai benki, inajengwa. Kwa miaka kadhaa sasa fedha hiyo imekuwa ikielekea Gitega, na Magarama ni moja ya mitaa inayotajwa sana mtu anapoulizia nyumba ya kujenga, kununua au kupangisha katika mji huo.

Tatizo ni kwamba mwenye nyumba haishi hapo. Yuko Bujumbura, Muyinga, Ngara, Kahama au Dar es Salaam, na wakati mwingine yuko kwenye foleni ya malori akisubiri karatasi. Pango linakusanywa na mtu mwingine, linahesabiwa na mtu mwingine na kutunzwa na mtu mwingine. Mwisho wa mwaka mwenye mali hupewa kiasi fulani na maelezo marefu.

Kawaida mwenye nyumba wa mbali humwogopa mpangaji. Anahofia atavunja mlango, atachelewesha pango au ataondoka usiku. Lakini ukiangalia mahali fedha inapopotelea, mpangaji ndiye hatari ndogo. Hasara kubwa ziko mbili: thamani ya faranga yenyewe, na mikono inayosimama kati ya mpangaji na mwenye mali. Zote mbili zinahitaji muda ili zikue, na umbali ndio unaozipa muda huo.

Mji mkuu na matumaini yake

Rais Pierre Nkurunziza alitangaza Desemba 2018 kuwa Gitega itakuwa mji mkuu wa kisiasa, na Januari 2019 Bunge likapitisha sheria. Bujumbura ikabaki kuwa mji wa biashara. Bei za viwanja na pango Gitega zikapanda kabla hata ya maofisa kufungasha mizigo. Aliyekuwa na chumba akakiona kama duka, na aliyekuwa na kiwanja akaona hoteli.

Uhamisho wenyewe umekwenda polepole kuliko bei. Ofisi nyingi za serikali, balozi na mashirika ya kimataifa zimeendelea kufanya kazi zake Bujumbura, umbali wa kilomita 100 hivi kwa barabara ya milima inayopita Bugarama na Muramvya. Wapo maofisa ambao familia zao zimebaki Bujumbura, wao wakipanda Gitega Jumatatu na kushuka Ijumaa. Mpangaji wa namna hiyo hatafuti nyumba ya vyumba vinne yenye bustani. Anatafuta chumba na sebule, maji yanayotoka na mahali pa kuegesha gari.

Hapa ndipo hesabu ya wajenzi wengi ilipokwenda kombo. Nyumba imejengwa kwa vitu vinavyofuata bei ya dola: mabati, vigae, nyaya, vioo, rangi, na nauli ya lori lililovileta. Pango linafuata kitu kingine kabisa, nao ni mshahara wa mtumishi wa serikali, unaolipwa kwa faranga na usiopanda kila dola inapopanda. Mwenye nyumba anaweza kutaja bei anayoitaka, lakini mpangaji hawezi kulipa zaidi ya alichonacho. Kwa hiyo gharama ya kujenga imekimbia, na pango limebaki likitembea.

Faranga laki nne ni dola ngapi?

Tuchukue mfano wa nyumba inayopangishwa faranga 400,000 kwa mwezi. Mapema mwaka 2023 kiwango rasmi cha Benki ya Jamhuri ya Burundi (BRB) kilikuwa kama faranga 2,080 kwa dola, kwa hiyo pango hilo lilikuwa na thamani ya dola 192. Mei 2023 faranga ikashushwa, kiwango kikapita 2,800, na nyumba ileile ikawa inaingiza chini ya dola 143 bila mpangaji kubadilika wala ukuta kupasuka.

Hizo bado ni hesabu za kiwango rasmi. Mwenye nyumba anayeishi nje ya Burundi huwa anazifanya hizo, anaandika kwenye daftari lake kuwa nyumba inaingiza dola 140 na kulala vizuri. Kasoro yake ni kwamba benki haina dola za kumuuzia. Uhaba wa fedha za kigeni umekuwa mkali kiasi kwamba hata waagizaji wa mafuta na dawa wamepanga foleni. Kwenye soko la mtaani, ambalo sheria hailitambui, dola moja ilipita faranga 7,000 mwaka 2025. Kwa bei hiyo laki nne ni dola 57.

Tofauti kati ya 140 na 57 ndiyo ukweli wa nyumba ya mbali. Mwenye nyumba anayeishi Gitega haoni pengo hilo kwa ukali huo, kwa kuwa analipa karo, anga ya umeme na unga kwa faranga. Yeye anapambana na mfumuko wa bei, ambao nao si mchezo: ulipita asilimia 20 mwaka 2023, na mwanzoni mwa 2025 ulikuwa umevuka asilimia 35. Lakini anayeishi ng'ambo ya mpaka anapigwa mara mbili, kwanza bei zinapopanda ndani, kisha anapojaribu kuvusha alichobakiza.

Kutoza pango kwa dola kunaonekana kama dawa, na wapo wanaojaribu kwa wapangaji wa mashirika. Kwa mpangaji wa kawaida wa Magarama ni kujidanganya. Analipwa faranga, dola atazitafuta palepale mtaani, na mwezi wa tatu atahama au ataanza kulipa nusu. Kinachowezekana zaidi ni mkataba wa miezi sita badala ya mwaka, ukitaja tangu siku ya kwanza kuwa pango litaangaliwa upya mkataba unapoisha, na ukitaja kipimo ambacho pande zote mbili zinakiona sokoni, kwa mfano bei ya mfuko wa saruji au wa mchele. Kwa mfumuko wa aina hii, mkataba wa miaka miwili wenye bei moja ni zawadi kwa mpangaji, hata kama hakuiomba.

Malipo ya miezi kadhaa kwa mkupuo nayo yana faida ileile. Faranga ya leo inanunua zaidi ya faranga ya Desemba. Ila mkupuo huo ukiachwa ulale kwenye sanduku la msimamizi, faida yote inaishia humo.

Siku kumi za Juni 2023

Yaliyotokea mwezi mmoja baada ya faranga kushushwa yanafaa kukumbukwa na kila mwenye mali ya mbali. Juni 7, 2023 BRB ilitangaza kuwa noti za faranga 5,000 na 10,000 za toleo la mwaka 2018 zinaondolewa kwenye mzunguko. Wananchi walipewa siku kumi kuzipeleka benki. Baada ya hapo zilikuwa karatasi.

Noti ya 10,000 ndiyo kubwa kuliko zote nchini humo. Mtu anayetunza fedha nyingi nyumbani huzitunza kwa noti hizo, na pango la nyumba ya mbali hutunzwa hivyohivyo: kwenye bahasha kwa shemeji, kwenye sanduku la mdogo wake mtu, au chini ya godoro la zamu anayelinda geti. Wengi hawakuwa na akaunti. Wengine walikuwa nazo, lakini wenyewe walikuwa barabarani.

Fikiria mwenye lori aliyekuwa bandarini Dar es Salaam wiki hiyo. Kutoka hapo hadi Kobero ni zaidi ya kilomita 1,200, kupitia Dodoma, Singida, Nzega, Kahama, Nyakanazi na Ngara. Hata angeacha mzigo na kupanda basi, angefika Gitega siku zimebaki chache na foleni za benki zikiwa mlangoni. Njia pekee ilikuwa kumpigia msimamizi simu na kumwambia azipeleke benki. Kwenye akaunti ya nani? Ya msimamizi, kwa kuwa ndiye aliyekuwepo na ndiye mwenye kitambulisho.

Katika hali ya namna hiyo msimamizi mwaminifu huziweka fedha, huonyesha karatasi ya benki na kuzirudisha. Asiye mwaminifu husema alichelewa, noti zikaharibika, na hakuna mtu duniani anayeweza kuhakikisha. Si lazima awe mwizi wa kuzaliwa. Amepewa nafasi ya kupata miezi minane ya pango kwa sentensi moja.

Mikono iliyo katikati

Wasimamizi wa nyumba za Gitega wako wa aina tatu. Wa kwanza ni ndugu. Wa pili ni dalali, ambaye Burundi watu humwita komisioneri, anayemtafuta mpangaji, kuchukua chake na mara nyingi kubaki kama mkusanyaji. Wa tatu ni zamu, mlinzi anayelala kwenye chumba cha uani, ambaye kwa kukaa hapo miaka mingi anakuwa meneja bila kutangazwa.

Wote watatu wanajua jambo ambalo mwenye nyumba halijui: nyumba ina mtu au haina, na mtu huyo analipa kiasi gani. Wachumi wana jina refu la hali hiyo, na George Akerlof, aliyeichambua kwa mfano wa soko la magari yaliyotumika mwaka 1970, alishiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2001. Wenye malori hawahitaji Nobel kuielewa. Wameishi nayo kwenye dizeli. Dereva ndiye anayejua lori limekunywa lita ngapi kati ya Nyakanazi na Muyinga, na mwenye lori anajua alichoambiwa.

Ajabu ni kwamba mtu huyohuyo anayefunga kifaa cha kufuatilia lori, anayepima mafuta kwa kijiti na anayedai risiti ya kila tairi, anaiacha nyumba yenye thamani ya malori mawili mikononi mwa mtu asiyemdai hata karatasi ya daftari. Sababu anayoitoa ni undugu.

Udanganyifu wa pango una njia chache na zinajirudia. Iliyozoeleka ni tofauti ya bei: mpangaji analipa 400,000 na mwenye nyumba anaambiwa 300,000. Ya pili ni miezi mitupu, nyumba inaelezwa kuwa haina mtu huku kuna mtu ndani, na dalali akidai anaendelea kutafuta. Ya tatu ni matengenezo. Bati moja lililovuja linakuwa paa zima, choo kinazibuliwa kila mwezi, na fundi ni binamu. Ya nne haionekani kabisa mpaka siku ya mwisho, nayo ni deni la maji na umeme.

Deni hilo lina mkanganyiko wake. Nyumba zenye mita ya malipo ya kabla, ambayo Burundi wanaiita Cash Power, hazina shida sana kwenye umeme kwa kuwa asiyenunua hapati. Maji ni habari nyingine. Bili ya REGIDESO inayoandikwa kwa jina la mwenye nyumba inamfuata yeye, hata kama aliyeoga ni mpangaji aliyeondoka. Mwenye nyumba wa mbali hugundua deni siku mpangaji mpya anapogoma kuingia kwenye nyumba isiyo na maji.

Dawa ya njia ya kwanza na ya pili ni moja, na si ngumu: fedha ya pango isipite mikononi mwa anayesimamia nyumba. Mpangaji alipe moja kwa moja kwenye akaunti ya benki ya mwenye nyumba, au kwa simu. Burundi ina Lumicash ya Lumitel na EcoCash ya Econet Leo, na mpangaji wa Magarama anazitumia kila siku kununulia vitu vidogo kuliko pango. Nairobi mambo haya yalizoeleka zamani. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007 wenye majengo wamefika mahali ambapo mpangaji analipa kwa namba ya malipo akiandika namba ya chumba chake, na mwenye jengo anaweza kuwa Mombasa au Minnesota na bado akajua chumba namba 7 hakijalipa.

Kwa mfanyabiashara wa Tanzania au Kenya mwenye nyumba Gitega, akaunti ya benki ya Burundi si jambo geni. CRDB ya Tanzania na KCB ya Kenya zote zilifungua kampuni tanzu nchini humo mwaka 2012. Kufungua akaunti kunahitaji safari moja na karatasi. Kutofungua kumeshawagharimu watu bahasha nzima, kama Juni 2023 ilivyoonyesha.

Msimamizi bado anahitajika. Kuna mtu lazima aangalie paa, aite fundi, ampeleke mpangaji kwa mkuu wa mtaa na kuhakikisha majina ya wanaolala humo yameandikwa kwenye daftari la kaya, ambalo polisi wa Burundi huliulizia wanapopita nyumba kwa nyumba. Mpangaji asiyeandikwa ni tatizo la mwenye nyumba pia. Suala ni namna ya kumlipa. Akilipwa kiasi kilekile kila mwezi, nyumba ikiwa tupu yeye hapotezi kitu. Akilipwa sehemu ya pango lililoingia benki, mwezi mtupu unamuuma na yeye. Zamu anayelipwa mshahara wake kwa wakati naye ana sababu ndogo ya kumpangisha mtu chumba cha uani kimyakimya.

Ndugu je? Kwa ndugu mazungumzo ni magumu zaidi, na ndiyo maana watu huyaahirisha. Kumwomba kaka risiti kunaonekana kama kumwita mwizi. Lakini mpangaji akilipa benki, hakuna risiti ya kumwomba kaka. Anabaki kuwa kaka, anapewa chake kwa kazi ya kuangalia nyumba, na hakuna kikao cha familia kitakachoitishwa kwa sababu ya laki moja.

Gharama ya kwenda kujionea nayo imepanda. Uhaba wa mafuta ambao umeikumba Burundi mara kwa mara tangu mwaka 2021, na ukawa mkali zaidi miaka ya 2024 na 2025, umefanya safari ya Bujumbura hadi Gitega na kurudi iwe mpango wa siku kadhaa. Aliyekuwa akipanda kila mwezi sasa anapanda mara mbili kwa mwaka. Picha za WhatsApp zinasaidia, ila picha anazipiga msimamizi, na anachagua ukuta wa kupiga. Anayeweza kumuuliza jirani, au kumtuma dereva wake anayepita kulala Gitega, anapata habari ambayo haikupikwa.

Karatasi iko kwa jina la nani?

Pango likipotea linauma, lakini nyumba yenyewe ikipotea hakuna cha kuhesabu tena. Burundi ina historia nzito ya watu waliokuwa mbali na mali zao. Mwaka 1972 mamia ya maelfu walikimbia mauaji, wengi wao wakaingia Tanzania. Ardhi na nyumba walizoacha zikachukuliwa na wengine. Sheria ya ardhi ya mwaka 1986 ilimruhusu aliyekaa kwenye ardhi miaka 30 kuwa mmiliki, na miaka 15 kama alikaa kwa nia njema. Waliporudi kwa wingi miaka ya 2000 walikuta muda huo umepita, na tume ya ardhi na mali nyingine, CNTB, iliyoundwa mwaka 2006, ilishughulika na migogoro hiyo hadi muda wake ulipokwisha mwaka 2022.

Mfanyabiashara wa leo si mkimbizi, na kumlinganisha naye kungekuwa kukosa adabu kwa waliopitia hayo. Lakini somo la kisheria ni lilelile: aliyepo kwenye ardhi ana nguvu ambayo asiyepo lazima aithibitishe kwa karatasi.

Na karatasi zina daraja. Hati ya umiliki inayotolewa na idara ya hati za ardhi ndiyo yenye nguvu zaidi. Sheria ya ardhi ya Agosti 2011 iliongeza vyeti vya ardhi vinavyotolewa na huduma za ardhi za komuni, ambavyo ni nafuu kupata. Chini ya hapo kuna karatasi ya mauziano iliyosainiwa mbele ya mashahidi, ambayo wengi walionunua haraka mwaka 2019 na 2020 wanayo na hawajaenda mbele zaidi. Kuna pia wasiokuwa na karatasi kwa jina lao hata kidogo, kwa kuwa walinunua kupitia shemeji mkaazi wa Gitega ili mambo yaende haraka. Nyumba hiyo kisheria ni ya shemeji. Akifa, ni ya watoto wa shemeji.

Mabadiliko ya utawala yameongeza kazi. Tangu mwaka 2025 Burundi ina mikoa mitano badala ya 18, na komuni 42 badala ya 119. Muyinga haiko tena mkoa wa peke yake, imeingia mkoa wa Buhumuza. Ofisi iliyotia muhuri karatasi ya mtu mwaka 2020 huenda haipo kwa jina lile, na faili limehamia jengo jingine. Aliye karibu anaweza kulifuatilia taratibu. Aliye mbali akisubiri mpaka mgogoro utokee ataanza kutafuta faili na wakili kwa wakati mmoja.

Hati ya uwakilishi inayompa msimamizi mamlaka inahitaji jicho pia. Kuna hati inayosema fulani anaweza kukusanya pango, kusaini mkataba wa upangaji na kuwakilisha kwenye komuni. Kuna nyingine inayosema anaweza kufanya lolote kuhusu mali hiyo. Ya pili inaruhusu kuuza na kuweka rehani. Watu huisaini kwa haraka kwenye kaunta ya mthibitishaji kwa kuwa ndiyo iliyochapwa tayari.

Jambo la urithi halipendwi kuzungumzwa, hasa na watu wanaoendesha magari usiku. Burundi mirathi bado inaamuliwa kwa kiasi kikubwa na mila, na mila hizo hazimpi mke au binti nafasi sawa na ndugu wa kiume wa marehemu. Mwenye lori akipata ajali kwenye milima ya Bugarama, wa kwanza kufika Magarama kuuliza pango hatakuwa mjane. Jina la mke kwenye hati ya nyumba, likiandikwa mapema, linabadilisha mazungumzo hayo.

Faranga za pango zitumike wapi

Kwa wasafirishaji kuna upande mwingine wa hesabu ambao mwenye nyumba wa kawaida hana. Lori linaloingia Burundi linakula faranga: posho ya dereva, maegesho, walinzi wa usiku, vibarua wa kushusha, tairi, faini. Msafirishaji anayefuata sheria na kubadilisha dola zake benki anapata faranga chini ya 3,000 kwa kila dola. Kwake yeye, laki nne za pango zikilipa posho na vibarua zinamwokoa kubadilisha dola kama 135. Zikivushwa mpaka kwa njia ya mtaani zinakuwa 57, na ana hatari ya kukamatwa juu yake.

Kwa maneno mengine pango la Magarama lina bei mbili, na bei ya juu inapatikana ndani ya Burundi. Anayeichukulia nyumba kama kisima cha faranga za safari, fedha ikitoka kwenye akaunti ya Gitega au Bujumbura kwenda moja kwa moja kwa dereva, anapata zaidi ya mara mbili ya anayekazana kuivusha. Asiye na malori anaweza kugeuza pango kuwa mabati na saruji kabla bei haijasogea, au kumalizia chumba cha uani. Kinachoumiza ni faranga kukaa tu, hata zikiwa salama benki.

Kodi ya mapato ya pango nayo iwekwe kwenye hesabu tangu mwanzo. Inadaiwa kwa mwenye mali, msimamizi akisahau au akijisahaulisha deni linakua kwa jina lisilo lake.

Gitega au Muyinga?

Gitega na Muyinga ni masoko mawili tofauti. Bei hazifanani na biashara hazifanani. Gitega inauza matumaini ya mji mkuu. Muyinga inauza mpaka: mawakala wa forodha, wenye maduka, madereva, watu ambao mapato yao yanakwenda na mizigo na wengi wao wanashika shilingi ya Tanzania kila wiki. Rwanda ilipofungiwa mipaka na Burundi Januari 2024, njia ya Kobero ilizidi kuwa muhimu.

Pango la Muyinga ni dogo zaidi. Hata hivyo msafirishaji anayekwenda Bujumbura kwa njia ya Ngozi na Kayanza anapita Muyinga kila safari, na Gitega haioni kabisa. Ili aione Gitega lazima akunje Muyinga na kufuata barabara ya lami ya Karuzi. Nyumba ya faranga 250,000 unayopita mlangoni mara mbili kwa mwezi huenda ikakuletea zaidi ya nyumba ya 400,000 unayosimuliwa.

Upande wa pili kuna reli. Jiwe la msingi la reli ya kisasa ya Uvinza hadi Musongati liliwekwa upande wa Burundi Agosti 2025, na mpango ni kuifikisha Gitega baadaye. Madalali hawahitaji treni ifike ndipo wapandishe bei ya kiwanja, na yaliyotokea mwaka 2019 yanaonyesha matangazo hukimbia kuliko wapangaji.

Kwa aliyekwisha kujenga, kazi ya wiki hii haihusu reli. Inaanza kwa kumpigia mpangaji mwenyewe, si msimamizi, na kumuuliza mambo mawili: analipa faranga ngapi kwa mwezi, na bili ya mwisho ya REGIDESO imeandikwa jina la nani. Asiye na namba ya simu ya mpangaji wake ataanza na kuitafuta hiyo.